Somo: Kuiga chipu ya SID kwenye kompyuta yako, na kuwasikiliza waliotunga kwa ajili yake

Habari zenu wakuu. Wapo walioniuliza kwa nini nahangaika na mafaili ya .sid ilhali nyimbo hizohizo zimejaa mtandaoni zikiwa zimesharekodiwa. Somo hili ndilo jibu langu.

Faili la .sid halina sauti ndani yake. Lina programu: msimbo wa mashine wa prosesa ya 6510, ileile iliyokuwa ikiendesha muziki ndani ya Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, pamoja na namba za noti. Mara nyingi uzito wake ni kilobaiti chache tu. Ukilifungua, kompyuta yako inaiga prosesa, prosesa inaiamrisha chipu ya sauti, na wimbo unapigwa upya palepale mbele yako. Ndiyo maana unaweza kunyamazisha sauti moja, kubadilisha chipu, au kuchungulia namba zinavyoandikwa. Ukiwa na rekodi unasikia tu matokeo. Hapa unaona mtunzi alivyofikia uamuzi wake.

Chipu yenyewe ni SID, namba yake 6581, iliyosanifiwa na Bob Yannes katika kampuni ya MOS Technology na kutoka na Commodore 64 mwaka 1982. Ina sauti tatu, maumbo manne ya wimbi, filta moja inayotumiwa na sauti zote, na rejista 29 (visanduku vidogo vya namba ndani ya chipu). Yannes baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Ensoniq, kampuni ya vinanda vya kielektroniki, na ukiifahamu SID hutashangaa: ni kinanda kilichobanwa ndani ya chipu moja.

HATUA YA 1: Vifaa

Pakua VICE, emuleta (programu inayoiga kompyuta nyingine) ya Commodore 64. Programu utakayoifungua humo ni x64sc. Baadhi ya matoleo ya Linux huitoa bila mafaili ya ROM (programu za ndani za Commodore 64), kwa hiyo ikikataa kuwaka, angalia hapo kwanza. Pili, pakua sidplayfp kwa ajili ya kusikiliza. Tatu, tafuta mkusanyo uitwao High Voltage SID Collection, una nyimbo zaidi ya 50,000 zilizopangwa kwa majina ya watunzi. Tumia hedifoni. Spika ndogo za laptopu zinaficha besi, na nusu ya ustadi wa watu hawa upo kwenye besi.

HATUA YA 2: Itoe sauti kwa mkono wako

Washa x64sc, chapa mistari hii, kisha RUN:

10 S=54272
20 FOR I=0 TO 24:POKE S+I,0:NEXT
30 POKE S+24,15
40 POKE S,69:POKE S+1,29
50 POKE S+6,240:POKE S+4,17

Utasikia noti ya hezi 440, laini kama filimbi. POKE inaandika namba kwenye anwani ya kumbukumbu, na 54272 ndiyo anwani ya SID. Mstari wa 20 unafuta rejista, wa 30 unapandisha sauti hadi juu kabisa (15 ndiyo mwisho, kwa kuwa ni biti nne tu). Mstari wa 40 ni masafa: 29 × 256 + 69 = 7,493. Namba hiyo inatokana na hesabu ya 440 × 16,777,216 ÷ 985,248, ambapo 985,248 ni mapigo ya saa kwa sekunde ya mashine ya PAL (mfumo wa televisheni uliotumika Ulaya). Kwenye mstari wa 50, 240 inashikilia noti isife, na 17 ni 16 (pembetatu) ukijumlisha 1 (swichi ya kuwasha noti).

Ukitaka kunyamaza: POKE 54296,0.

HATUA YA 3: Maumbo ya wimbi

Badilisha 17 iwe 33: umepata msumeno, mkali kama tarumbeta. 129 ni kelele, mali ghafi ya ngoma na milipuko. Lililo tamu kuliko yote ni 65, wimbi la pigo, kwa sababu upana wake unabadilishika kuanzia 0 hadi 4,095. Ongeza mistari hii:

60 POKE S+4,65
70 FOR W=1 TO 15:POKE S+3,W:FOR T=1 TO 60:NEXT T:NEXT W:GOTO 70

Sikiliza vizuri. Noti ni ileile lakini rangi yake inatembea, inakonda, inanenepa. Wimbi la pigo lililotulia linachosha sikio haraka. Likitembezwa, linapata uhai, na watunzi wa SID walilitembeza karibu kila mahali. Simamisha kwa kitufe cha Esc.

HATUA YA 4: Andika oseleta yako mwenyewe

Oseleta ni sehemu inayozalisha wimbi la sauti. Hatua hii ni ya wanaojua kuprogramu kidogo, lugha yoyote. Msiiruke, ni nyepesi kuliko inavyoonekana.

Kila sauti ya SID ina kihesabio cha biti 24. Kila pigo la saa, namba ya masafa inajumlishwa kwenye kihesabio. Kikijaa, kinarudi sifuri na kuendelea. Basi. Huo ndio moyo wa chipu, na ndiyo asili ya ile 16,777,216 ya hapo juu: ni 2 kwa kipeo cha 24.

Kutoka kwenye kihesabio hicho, chukua biti 12 za juu:
– Msumeno: ni hizo biti zenyewe, zinapanda kisha zinaanguka ghafla.
– Pembetatu: biti ya juu kabisa ikiwa 1, geuza zilizobaki; kisha zisogeze nafasi moja kushoto.
– Pigo: linganisha na namba ya upana. Ikifika au kuzidi, toa 4,095. Isipofika, toa 0.
– Kelele: rejista ya biti 23 inayosogea kila mara biti ya 19 ya kihesabio inapogeuka kutoka 0 kuwa 1. Biti mpya inayoingia ni XOR ya biti ya 22 na ya 17.

Kosa la kawaida liko kwenye kupunguza kasi. Chipu inafanya mizunguko 985,248 kwa sekunde, kadi yako ya sauti inataka sampuli 44,100, yaani mizunguko kama 22 kwa kila sampuli. Wengi wanachukua thamani ya mzunguko wa mwisho na kutupa iliyobaki. Matokeo yake noti za juu zinatoa miluzi ya ajabu ambayo SID haikuwa nayo kamwe. Angalau chukua wastani wa mizunguko yote 22. Ukitaka ubora zaidi, pitisha kwenye filta ya kukata masafa ya juu kabla ya kupunguza, kama inavyofanya reSID, injini ya Dag Lem iliyomo ndani ya VICE.

HATUA YA 5: Kupanda na kufifia

Kila sauti ina namba nne: muda wa kupanda, muda wa kushuka, kimo cha kudumu, na muda wa kufifia. Kupanda ni kuanzia milisekunde 2 hadi sekunde 8. Kushuka na kufifia ni kuanzia milisekunde 6 hadi sekunde 24. Kupanda kunakwenda kwa mstari ulionyooka, lakini kushuka kunapinda: haraka mwanzoni, taratibu mwishoni, kama waya wa gitaa uliochunwa. Ukishusha kwa mstari ulionyooka, utajua tu kwamba kuna kitu hakiko sawa.

HATUA YA 6: Filta

Kwenye programu ya hatua ya 3 ongeza:

55 POKE S+23,241:POKE S+22,40:POKE S+24,31

Umepeleka sauti ya kwanza kwenye filta ya kupitisha masafa ya chini, mwangwi wa filta ukiwa juu kabisa. Badilisha 40 iwe 20, 80, 150, usikie inavyofunguka.

Hapa ndipo uigaji unapokuwa mgumu kwelikweli. Filta ya 6581 ni ya analogi, na chipu mbili za 6581 hazilingani: namba ileile inafungua filta hii zaidi, ile kidogo. Mtunzi alirekebisha namba zake kwa kusikiliza chipu iliyokuwa mezani kwake. Mara ya kwanza nilipoandika filta yangu niliifuata hesabu ya kitabuni, safi kabisa, kisha nikacheza wimbo mmoja wa Martin Galway, mtunzi wa muziki wa michezo ya Commodore 64. Ulisikika kama umeoshwa kwa sabuni. Ule ukwaruzi wa 6581 ulikuwa sehemu ya utunzi, nami nilikuwa nimeufuta.

HATUA YA 7: Sikiliza kwa kutenganisha

Fungua wimbo kwenye sidplayfp. Unapocheza, vitufe 1, 2 na 3 vinazima na kuwasha sauti moja moja.

Anza na mtunzi Rob Hubbard, muziki wa mchezo wa Monty on the Run wa 1985. Usikilize wote mara moja bila kugusa kitu, kisha rudia ukizima sauti. Jambo la kutafuta ni hili: sauti zipo tatu tu, lakini sikio linaapa kuna bendi nzima. Hubbard hakuipa ngoma sauti ya kudumu. Noti ya ngoma inaanza na kelele kwa kitambo kidogo kabisa, masafa yanaporomoka, kisha sauti ileile inarudi kazini kupiga besi. Wewe unasikia wapigaji wawili. Kiendesha muziki chake chote, alichokiandika kwa asembli, kilikuwa cha takriban kilobaiti moja.

Kisha nenda kwa Galway. Chukua nyimbo zake za Ocean Loader, zilizopigwa wakati mchezo unapakiwa kutoka kwenye kaseti. Kordi unazosikia humo si kordi. Ni sauti moja inayoruka noti tatu, mara 50 kwa sekunde, na sikio lako ndilo linaloziunganisha. Baadaye sikiliza Parallax (1986) na Wizball (1987). Hapo Galway hana haraka: anaacha upana wa pigo na filta vitembee polepole, na wimbo unajengeka kwa dakika nyingi. Kwa maoni yangu hakuna aliyeielewa SID kama kinanda kumzidi yeye.

Wengine wa kuanza nao: Ben Daglish na Anthony Lees, The Last Ninja (1987); Chris Hülsbeck, The Great Giana Sisters (1987); Jeroen Tel wa Uholanzi, Cybernoid II. Daglish alifariki mwaka 2018. Mlio wa zile melodi zake bado uko hai kila mtu anapofungua faili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Nichague 6581 au 8580?

Jibu: Karibu sana mkuu. Fuata mtunzi. Nyimbo za katikati ya miaka ya 1980 zilitungwa kwenye 6581, kwa hiyo Hubbard na Galway wasikilize hapo. 8580 ni toleo la SID lililokuja baadaye, filta yake ni safi na inatabirika, na watunzi wengi wa miaka iliyofuata waliandika kwa ajili yake. Mafaili mengi yanabeba alama ya kusema ni chipu ipi, na sidplayfp huifuata. Jaribu pia Arkanoid ya Galway (1987) kwenye zote mbili. Humo kuna ngoma za sampuli (vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa), zilizochezwa kwa kubadilisha rejista ya sauti, 54296, haraka sana. Zinasikika kwa sababu 6581 inavuja umeme kidogo hata ikiwa kimya, na kila ukibadilisha kiwango cha sauti inagonga. Kwenye 8580 uvujaji huo ulipunguzwa, na ngoma karibu zinatoweka.

Swali: Nimechapa programu ya hatua ya 2 nikabadilisha mwenyewe, sasa noti inatoka mara moja tu, ya pili hakuna.

Jibu: Bila shaka ulisahau kuzima swichi. Noti inaanza pale biti ya kwanza ya S+4 inapotoka 0 kwenda 1. Ikiwa tayari ni 17 ukaandika 17 tena, chipu haioni badiliko lolote. Andika 16 kwanza, kisha 17.

Swali: Mbona nyimbo zangu zinakimbia?

Jibu: Emuleta yako imewekwa NTSC, mfumo wa televisheni wa Marekani. Viendesha muziki vingi vya Ulaya vinaitwa mara moja kwa kila picha ya skrini: 50 kwa sekunde kwenye PAL, 60 kwenye NTSC. Mwendo unaongezeka kwa asilimia 20, na noti zinapanda kwa karibu asilimia 4 kwa kuwa saa nayo ina kasi zaidi. Rudisha PAL.

Swali: Samahani kaka, je, hatua ya 4 inafaa kwa ZX Spectrum pia?

Jibu: Dada, Spectrum ni kompyuta nyingine ya nyumbani ya miaka hiyo. Kwa Spectrum ya 128 chipu ni AY-3-8910 au ndugu zake: sauti tatu za wimbi la mraba, jenereta moja ya kelele, haina filta. Kuiiga ni rahisi zaidi. Spectrum ya 48K haina chipu ya muziki kabisa, ina biti moja inayosukuma spika, na prosesa ndiyo inafanya kazi yote. Ukitaka kusikia biti moja inaweza kufika wapi, tafuta kazi za Tim Follin, Agent X ya 1986 kwa mfano.

Swali: Nataka kutunga, siyo kusikiliza tu.

Jibu: GoatTracker, programu ya kutungia muziki wa SID. Anza na sauti moja, usiwashe ya pili mpaka ya kwanza ikuridhishe.

Swali: Nimeandika emuleta kwa kufuata somo, na programu yangu ya majaribio inapiga noti fupi fupi. Kwangu zinasikika zote. Nikiipeleka VICE, baadhi zinachelewa au zinakosekana. VICE ina hitilafu?

Jibu: VICE iko sawa mkuu, hitilafu ni ya SID yenyewe, na umeigundua kwa masikio yako, hongera. Kihesabio cha kasi ya kupanda na kushuka kina biti 15. Ukibadilisha kasi wakati kihesabio kimeshapita kikomo kipya, hakirudi nyuma. Lazima kizunguke, hadi mizunguko 32,768, ndipo kikutane na kikomo hicho. Hiyo ni kama milisekunde 33, karibu picha mbili za skrini, noti yako ikisubiri. Watunzi walijifunza kuizima noti mapema, picha mbili hivi kabla ya inayofuata, na kuweka namba za kushuka na kufifia kwenye sifuri ili kihesabio kijipange. Kwa hiyo ongeza hitilafu hiyo kwenye emuleta yako, kisha ucheze tena nyimbo zako. Yale mapengo madogo kabla ya kila noti, ambayo huenda uliyaona hayana maana, yatakaa mahali pake.