Somo: Kupata trebo safi na ya asili kwenye redio ya nyumbani

Salaam wanajamvi. Somo hili ni kwa mwenye redio kubwa sebuleni, iwe ya zamani yenye amplifaya na spika mbili za mbao, iwe hizi za sabufa, ambaye besi anaipata ya kutosha lakini sauti za juu, yaani trebo, hazimfikii. Vibati vya rika (tari ndogo ya taarab) havilii, fidla imefifia, gitaa la solo limejificha nyuma ya ngoma. Wengi wetu hapa Tanga mkono huenda moja kwa moja kwenye kitufe cha trebo, kikazungushwa mpaka mwisho. Kinachopatikana ni sauti kali inayochosha masikio kabla kanda haijafika katikati.

Msimamo wangu ni kwamba mara nyingi trebo imo tayari ndani ya muziki na ndani ya spika, ila imezibwa. Tuizibue kwanza, kitufe kije mwisho. Na tafadhali fuata mpangilio, ukirukia twita (spika ndogo inayotoa sauti za juu) kabla ya mambo ya mwanzo utanunua vifaa usivyovihitaji.

Tuelewane kidogo. Sikio zima la kijana husikia takriban kutoka 20 Hz hadi 20,000 Hz (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde). Trebo tunaihesabu kama kuanzia 4,000 Hz kupanda. Huko juu noti za wimbo ni chache. Kuna ncha za sauti: kucha inapogusa uzi wa gitaa, upinde unapoanza kusugua fidla, pumzi ya mwimbaji, herufi s na sh. Simu ya kawaida ya zamani hukata sauti karibu na 3,400 Hz, ndiyo maana ukitaja jina kwenye simu ile, s na f hazitofautishiki. Spika yenye trebo hafifu inakufanyia vilevile kwenye muziki.

Hatua ya 1: Rudisha kila kitu katikati. Besi katikati, trebo katikati, ekolaiza mstari ulionyooka. Zima laudinesi (kitufe cha kukuza besi na trebo sauti ikiwa ndogo), zima besi busti, zima zile "Roki" na "Popu". Kisha chagua vipimo viwili utakavyovitumia mpaka mwisho: mtangazaji anayesoma habari, na wimbo mmoja unaoujua vizuri. Mtangazaji akisema "saa sita na dakika sita", s ikikuchoma sikio trebo imezidi. Ikiwa s imekuwa butu, inaelekea f, trebo imepungua. Hakuna kipimo rahisi kuliko hicho na hakina gharama.

Hatua ya 2: Chanzo. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde kwa kawaida hukatwa karibu na 16,000 Hz, na hata chini ya hapo matoazi huharibika, yanasikika kama maji yanayochemka. Tafuta faili la 320, au CD, au FLAC (faili lisilotupa sehemu ya sauti). Kuligeuza faili la 128 kuwa 320 hakurudishi kitu, kilichotupwa kimetupwa. Lakini msibabaike na tarakimu pekee: redio ya FM haipiti 15,000 Hz, na stesheni inayorusha vizuri inasikika tamu kabisa. Usafi una uzito kuliko urefu.

Wenye kanda za bendi zetu za zamani, Atomic Jazz, Black Star au Lucky Star, safisheni hedi ya deki (kile kichwa kinachosoma kanda) kwa pamba na spiriti. Hedi chafu hufuta trebo kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa safi na bado sauti imeziba, kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi. Kanda ikiwa inalia, zungusha skrubu hiyo kidogo kidogo kwa bisibisi mpaka sauti ifunguke, kisha iache hapo.

Hatua ya 3: Mahali pa spika. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapopotezea trebo, na marekebisho yake ni bure.

Wimbi la 100 Hz lina urefu wa kama mita 3 na nusu. Linazunguka kochi, meza na kabati bila taabu. Wimbi la 10,000 Hz lina sentimita 3 na nusu tu. Likikutana na mgongo wa kochi, au kitambaa kizito cha kufunikia spika, linaishia hapo. Kwa hiyo spika iliyowekwa sakafuni, au ndani ya shimo la kabati la TV nyuma ya maua na picha za harusi, inakupa besi na kukunyima trebo. Sio spika mbovu.

Inua spika mpaka twita ilingane na sikio la mtu aliyekaa, kama sentimita 90 hadi 100 kutoka sakafuni. Stuli imara inatosha. Zitoe kabatini au zisogeze mpaka ukingo wa mbele. Umbali kati ya spika na spika uwe karibu sawa na umbali wa kila spika hadi kwako. Zigeuze zikuelekee, halafu zifungue taratibu nje huku mtangazaji akiendelea kusoma. Twita hurusha sauti zake za juu kabisa mbele kwa wembamba, hivyo kugeuza kidogo tu kunabadilisha mengi. Zikikutazama moja kwa moja na s inachoma, zielekeze nyuma ya mabega yako.

Na zitoe kwenye kona. Kona huongeza besi, na besi ikizidi huifunika trebo. Mara nyingi kusogeza spika nusu mita kutoka ukutani kunaleta trebo ambayo kitufe hakikuileta.

Hatua ya 4: Chumba. Nyumba zetu ni tofali za saruji, sakafu ya vigae, madirisha ya vioo vya luva. Piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio unaorudirudi "trrr", ndio unaochafua trebo yako: kila s inafika mara nyingi. Tandika zulia nene kati yako na spika, funga mapazia yenye mikunjo, weka rafu ya vitabu au makochi ya kitambaa kwenye ukuta ulio wazi. Khanga moja ukutani ni pambo, kwa sauti haisaidii. Lakini usizidishe: zulia na mapazia hunyonya sauti za juu peke yake, besi inabaki inazunguka, na sebule iliyojazwa vitambaa pande zote inakuwa nzito na butu.

Halafu pangaboi. Kwa joto la Tanga hatuwezi kulizima siku nzima, ila fahamu kwamba uvumi wa upepo wake hufunika sauti ndogondogo za juu. Ukitaka kusikiliza kwa makini, liweke spidi ya chini. Raha ya kuongeza sauti ili kulishinda pangaboi ndiyo inayoua twita.

Hatua ya 5: Nyaya. Upepo wa chumvi, hasa kwa wakazi wa Raskazone na kandokando ya bahari, hugeuza shaba kuwa kijani. Kata ncha iliyooza, menya upya, kaza vizuri, na hakikisha nyekundu imeingia nyekundu na nyeusi nyeusi kwa spika zote mbili. Waya wa bei kubwa si lazima.

Hatua ya 6: Twita yenyewe. Sauti ikiwa ndogo, kunja karatasi iwe bomba na usikilize mbele ya kila twita. Moja ikiwa kimya, zima redio, chomoa waya mmoja wa twita na upime kwa mita. Twita ya koili inatoa omu chache, kwa kawaida kati ya 3 na 8. Isipoonyesha njia kabisa, imeungua. (Twita za piezo, zinazotumia kioo maalumu badala ya koili, hazionyeshi njia hata zikiwa nzima, msizitupe kwa kipimo hiki.)

Ikiwa nzima lakini dhaifu, tazama kapasita iliyounganishwa nayo, kifaa kidogo kinachozuia besi isiingie kwenye twita. Za bei nafuu hukauka kwa miaka na trebo hupungua polepole bila mwenye redio kugundua. Badilisha kwa thamani ileile ya maikrofaradi, voliti sawa au zaidi, isiyo na chanya na hasi. Msikubali fundi akuwekee "kubwa kidogo". Twita ya omu 8 na kapasita ya maikrofaradi 3.3 hupokea sauti kuanzia karibu 6,000 Hz, ukiweka 4.7 inashuka hadi karibu 4,200 Hz, mzigo unaongezeka na koili inaweza kuungua.

Hatua ya 7: Kitufe. Sasa gusa. Kabla ya kuongeza trebo, punguza besi hatua moja usikilize. Mara nyingi utaishia hapo.

MASWALI YA WANAJAMVI

*Shikamoo mwalimu. Niko Makorora, nimeongeza twita tatu za piezo juu ya kila spika, sauti inapaa lakini mama anasema kichwa kinamuuma. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Mama yuko sahihi. Twita nyingi za aina tofauti zikilia pamoja zinagongana: mahali fulani zinajumlishana, mahali fulani zinafutana, na piezo kwa asili ni kali. Zitoe zote, ubaki na twita iliyokuja na spika, urudi hatua ya 3.

*Kaka, mtoto amebonyeza kuba la twita limeingia ndani. Imekufa?*

Kama ni la kitambaa, bandika selotepu taratibu katikati uvute polepole, kwa kawaida hurudi. La chuma hurudi na mkunjo, na mkunjo unabadilisha sauti. Baada ya hapo weka kava la mbele.

*Mkuu, nasikiliza kwa bluutuuthi kutoka kwenye simu. Inapunguza trebo?*

Inabana muziki tena, hivyo faili bovu linazidi kuwa bovu. Faili zuri ukiwa karibu na redio linapita vizuri tu. Linganisha mwenyewe kwa waya wa oksi, wimbo uleule, sauti kiasi kilekile. Na ekolaiza ya kwenye simu izimwe, wengi wanaisahau.

*Mzee wangu ana miaka 70 na anataka trebo mpaka mwisho. Sisi wengine tunaumia.*

Umri hupunguza usikivu wa sauti za juu kwanza, kwa hiyo anachosikia yeye si unachosikia wewe. Msibishane naye. Kiti chake kiwekeni mbele kabisa, spika zimtazame yeye moja kwa moja, nanyi mkae pembeni. Yeye atapata trebo yake, ninyi mtapata iliyopungua, na kitufe kitabaki katikati. Akizidi kulalamika kwamba hata maneno ya watu hayashiki, mpelekeni hospitali ya Bombo akapimwe masikio.