Somo: nani ampishe nani kwenye mbio za matanga

Siku moja nilikuwa na haki ya njia, nikaitumia hadi mwenzangu akanitoboa mashua ubavuni. Kwenye kikao cha malalamiko tukaondolewa wote wawili. Kwa hiyo fuateni hatua hizi kwa mpangilio.

1. Tazama tanga lako. Likiwa kushoto, upepo unakujia kulia: una haki. Likiwa kulia, mpishe mwenzio ambaye lake liko kushoto (kanuni ya 10 ya mbio za matanga). Amua mapema: legeza kamba ya tanga, elekeza omo (mbele ya mashua yako) kwenye tezi yake (nyuma ya mashua yake), mpite nyuma. Wanafunzi wengi hukimbilia kubisha mbele yake, yaani kugeuza omo kupitia upepo ili tanga lihamie upande wa pili. Kosa! Omo ikishavuka upepo, huna haki mpaka ukae sawa kwenye mwendo mpya (kanuni ya 13).

2. Matanga yenu yako upande mmoja? Wa joshini (upande upepo unakotoka) ampishe wa demanini (upande upepo unakoelekea). Ukiwa nyuma kabisa, mpishe wa mbele.

3. Boya la njia ya mbio lina eneo lake, urefu wa mashua tatu. Kwa Laser, mashua ndogo ya mbio, ni kama mita 13. Mkiwa ubavu kwa ubavu wa kwanza anapoingia, wa nje ampe wa ndani nafasi. Ila mkibisha kuelekea boya la juu (la upande upepo unakotoka), mmoja upepo wa kulia na mwingine wa kushoto, rudini hatua ya 1. Boya la kuanzia nalo halitoi nafasi hiyo: ukichomekea kama daladala, utabanwa na kosa ni lako.

4. Ukiona wazi kwamba hapishi, kwepa (kanuni ya 14). Mwenye haki husamehewa mguso usioleta madhara. Ubavu uliotoboka hausamehewi.

MASWALI

— Mwalimu, mwenye haki anaruhusiwa kunigeuzia omo ghafla?
Anaruhusiwa kugeuka, lakini akuachie nafasi ya kumkwepa.

— Nikikosa, nifanyeje?
Jitenge haraka, zungusha mashua yako mizunguko miwili kamili. Kugusa boya, mzunguko mmoja.

— Ngalawa ya mvuvi ikikatiza katikati ya mbio?
Yeye hayumo kwenye mbio, ndugu yangu. Hapo zinatumika sheria za kawaida za baharini, na aliyetega nyavu hupishwa na chombo cha tanga. Usimpigie kelele za "upepo wa kulia!", mzunguke kwa mbali, usije ukanasa usukani kwenye jarife lake, ule wavu wake mkubwa.