Somo: Mchunga, kuanzia kuuchuma hadi kuupika kwa nazi

Masika yakishika huku Tanga, mchunga unaota kila mahali: katikati ya mihogo, nyuma ya jiko, hata njia ya kisimani. Watu wanaupalilia na kuutupa na magugu. Roho inaniuma, maana hii ni mboga, na kwa wazee wetu ni dawa ya tumbo.

Kwanza, uujue. Majani yake ni marefu, membamba, yenye mikato pembeni, na mengi yanaanzia chini kabisa. Maua ni ya njano. Vunja jani, utatoka utomvu mweupe kama maziwa, unaonata vidoleni. Kama hujawahi kuuchuma, nenda na anayeujua.

Pili, chuma machanga, kabla ya maua. Kando ya barabara usichume, wala shamba lililopigwa dawa.

Tatu, osha, katakata, chemsha, mwaga maji, kamua. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanakamua mpaka yanabaki makapi. Marehemu bibi yangu alikamua mara moja tu, kwa kiganja kimoja, akasema mchunga bila uchungu ni nyasi.

Nne, bandika na kitunguu, nyanya, chumvi na tui jepesi. Likikaribia kukauka, tia tui zito, koroga lisikatike, epua. Kwa bada, yaani ugali wa muhogo, na dagaa, hutaki kitu kingine.

MASWALI

Shangazi, wanangu wanaukataa kwa uchungu.
Changanya nusu kwa nusu na majani ya kunde. Kila wiki zidisha mchunga kidogo, watazoea.

Shikamoo bibie. Eti maji yake yanatibu malaria?
Marahaba. Wazee wameyanywa kwa homa, nami nimenyweshwa utotoni. Lakini mtoto akichemka, mwanangu, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo. Malaria haisubiri sufuria ichemke.

Na kivumbasi, ule mmea wa harufu kali, kinafukuza mbu kweli?
Kwetu tunakichoma jioni, au tunaning'iniza kishada dirishani, na mbu wanapungua. Chandarua usikikunje lakini.

Mbona nikiulima mchunga unarudi mwingi zaidi?
Mizizi yake inatambaa chini kwa chini, na kipande ulichokata kwa jembe kinachipua. Acha jembe. Kata majani kwa kisu juu ya udongo. Mvua ikiendelea, utachuma tena palepale.