Kaunti au mzoa taka wa kulipwa: namna ya kuamua nani abebe taka za nyumba yako Mombasa

Katika mitaa mingi ya Mombasa, swali la nani abebe taka za nyumbani hujibiwa na yule anayetangulia kubisha hodi. Kijana huja na mkokoteni, mkapatana bei ya mwezi, na tangu siku hiyo taka hutoka uani bila mtu kuuliza zaidi. Mwongozo huu ni wa wapangaji, wenye nyumba na wazee wa mtaa wanaotaka kuliamua jambo hilo kwa makusudi: wakati gani waitegemee kaunti, wakati gani walipe mtu, na mapatano yao wayaandike vipi hata yashike.

Anza kwa kujua mamlaka ni ya nani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka uzoaji wa taka, majaa na utupaji wa taka ngumu mikononi mwa serikali za kaunti. Haina maana kwamba lori la kaunti peke yake ndilo lenye ruhusa ya kusimama mlangoni pako, kwani kaunti yaweza kuifanya kazi yenyewe, yaweza kumpa mkandarasi, na yaweza kuyaacha makampuni na vikundi vya vijana vizoe kwa malipo ya wenye nyumba. Ila kwa njia yoyote itakayoifuata, wajibu unabaki kuwa wake. Kwa upande wako, kanuni za usimamizi wa taka zinamtaka kila anayezalisha taka ahakikishe kwamba amezikabidhi kwa mtu mwenye leseni ya kuzisafirisha na kuzitupa mahali palipotengwa. Kwa hiyo hiari yako ina mpaka. Una ruhusa ya kumchagua wa kuzibeba, lakini huna ruhusa ya kutojua zinakokwenda.

Hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo na mzoa taka, kabla hata ya bei. Mama wa makamo akimwuliza kijana wa mkokoteni, "Mwanangu, ukitoka hapa hizi unazipeleka wapi?" yaelekea atajibiwa, "Mwakirunge, mama." Jibu hilo halitoshi. Jaa la Mwakirunge liko Kisauni, na hakuna mtu awezaye kuusukuma mkokoteni uliojaa kutoka Majengo au Bondeni, avuke daraja la Nyali, afike huko na kurudi kwa zamu ya pili. Linalowezekana ni kwamba anamwaga kwenye kituo cha kukusanyia kilicho karibu, na kutoka hapo lori ndilo linalomaliza safari. Basi muulize tena: kituo kipi, lori la nani, na hupita siku gani? Ukiambiwa lori ni la kaunti, umekwisha kuelewa kwamba hata ulipomlipa mtu binafsi ulinunua nusu ya safari tu, na nusu iliyobaki ungali unaidai serikalini. Kwa maoni yangu hili ndilo linalosahauliwa kila watu wanapobishana kama kaunti ni bora au binafsi ni bora. Penye kampuni yenye lori lake, kama inavyowezekana Nyali au Kizingo, mabishano hayo yana maana. Penye mkokoteni, mnawahitaji wote wawili.

Majibu yakiwa ya kukwepakwepa, mtumeni mtu aufuate mkokoteni asubuhi moja. Ukiishia mtaroni, au kwenye ukingo wa hori ya Tudor wakati maji yamekupwa, hamna haja ya kuendelea na mazungumzo ya bei. Anayesafirisha taka bila leseni huvunja sheria ya mazingira ya 1999, na leseni yenyewe hutolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira. Ombeni kuiona leseni hiyo, na mtazame jina lililoandikwa na tarehe ya kumalizika. Vikundi vingi vya vijana havina karatasi hiyo. Lililo la busara si kuwafukuza papo hapo, bali kuwauliza wanafanya kazi chini ya kampuni gani au chini ya kituo gani cha kaunti, kwa sababu kijana anayemwaga mahali palipotengwa na anayejulikana na msimamizi wa wadi ni afadhali mara kumi kuliko kampuni yenye fulana nzuri ambayo hakuna ajuaye inakomwaga.

Uamuzi mkubwa zaidi ni huu: je, kila nyumba ijichagulie mzoa taka wake, au mtaa mzima uwe na mmoja? Wengi hupenda kila mtu awe huru na shilingi yake, na hoja hiyo ina uzito. Lakini utazame mtaa wenye wazoaji watatu. Kila mmoja hupita nyumba moja akaruka mbili, mkokoteni wake haujai, bei haishuki, na chungu cha taka kikitokea pale pembeni mwa ukuta wa msikiti kila mmoja husema si cha wateja wake. Mwenye nyumba asiyemlipa yeyote hungoja usiku, akatupa hapohapo. Mvua za masika zikianza, taka zake huziba mtaro wa wote, waliolipa na wasiolipa. Kwa sababu hiyo napendekeza mtaa uchague pamoja, kwa muda wenye mwisho, miezi sita au mwaka, kisha ushindani urudi. Muda usio na mwisho humgeuza mzoa taka kuwa bwana wa mtaa, na hapo mtakuwa mmekimbia uzembe wa serikali mkaangukia kwenye ukiritimba wa mtu mmoja.

Mkutano wa kuchagua ufanyike barazani, wapangaji wakiwemo. Katika nyumba za vyumba vingi mwenye nyumba hupenda kuliamua jambo hili peke yake na kulifunga ndani ya kodi. Hakuna ubaya, mradi mpangaji aonyeshwe ni kiasi gani cha kodi yake kinakwenda kwenye taka na nani anayekipokea. Jadilini pia nyumba zisizoweza kulipa. Bibi kizee anayeishi peke yake huzalisha taka kidogo, na ni rahisi zaidi kumchangia kuliko kuufukua mtaro.

Mapatano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari. Yataje siku za kuzoa na saa, bei na njia ya kulipa, mahali pa kumwaga, na kitakachotokea siku ikirukwa: ama mzoaji aje kesho yake, ama malipo ya siku hiyo yakatwe. Yataje pia visivyobebwa kwa bei hiyo, kama vile vifusi, matawi ya miti na magodoro. Sindano na vioo vilivyovunjika visichanganywe na taka nyingine hata siku moja, kwa kuwa anayezipakua huzishika kwa mikono.

Kisha tazameni ndani ya pipa, maana hapo ndipo bei inapoweza kujadiliwa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza tangu zinakotoka, na jiko la Pwani linaifanya kazi hiyo kuwa nyepesi. Chicha ya nazi ikikaa siku mbili hutoa harufu kali na maji, ikalowesha kila kitu kilicho chini yake; itieni kwenye ndoo yake yenye kifuniko pamoja na maganda ya muhogo na matumbo ya samaki, au kama jirani anafuga kuku mpeni chicha ingali mbichi. Vifuu na makumbi vikianikwa ni kuni, wala havina sababu ya kulipiwa kubebwa. Chupa za plastiki, makaratasi na vyuma vikibaki vikavu vina mnunuzi. Kitakachobaki ni chepesi na kidogo, na mzoaji ambaye mkokoteni wake haudondoshi maji njia nzima ana sababu ya kukubali bei ndogo.

Mkishamlipa mtu binafsi, msiiache kaunti ipumue. Bajeti ya malori na vituo hupangwa kila mwaka: mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla ya kupitishwa. Nendeni mkiwa na ombi moja lililo wazi, kwa mfano kwamba kituo fulani kizolewe mara tatu kwa wiki, kwani ombi la "usafi" kwa jumla hukubaliwa na kila mtu wala halimfungi yeyote. Na ikiwa afisa atakuja kudai ada ya taka, mwombeni awaonyeshe sheria ya kaunti inayoitaja, maana kifungu cha 210 cha Katiba kinakataza kodi au ada ya leseni isiyowekwa kisheria. Malipo ya kihalali yana risiti.

Ikiwa hamjui lori la kaunti limepangiwa siku gani kwenye kituo chenu, au ni mkandarasi gani aliyepewa eneo hilo, andikeni barua ya kuomba taarifa chini ya sheria ya mwaka 2016 ya upatikanaji wa habari. Taarifa yapaswa kutolewa katika muda wa siku 21 tangu ombi lilipopokelewa, kwa hiyo chukueni nakala mbili, moja iachwe ofisini na ya pili ipigwe muhuri wenye tarehe, na ihifadhiwe pamoja na yale mapatano ya mtaa.