Namna ya Kuandaa Kumbukumbu ya Maji Maji Penye Waumini wa Dini Mbalimbali

Kamati ya kijiji mkoani Lindi inayotaka kuwakumbuka waliokufa katika Vita vya Maji Maji, vita vya wenyeji dhidi ya utawala wa Wajerumani vya 1905 hadi 1907, ikubaliane kwanza ni nani anayekumbukwa, kabla hata ya kutafuta maturubai na spika. Suala hilo si jepesi, kwa sababu mkoa huuhuu una Nandete, katika milima ya Matumbi, ambako watu waling'oa pamba ya kulazimishwa mwezi Julai 1905, na pia una Liwale, ambako Askofu Cassian Spiss, mmisionari Mkatoliki kutoka Ulaya, aliuawa tarehe 14 Agosti mwaka huo pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Kwa maoni yangu wote watajwe mahali pamoja, na sababu za vita, yaani kodi, viboko na kazi ya shuruti, zielezwe waziwazi, kwani kumlilia aliyeuawa si kuuhalalisha utawala wa Wajerumani.

Wanaosahaulika zaidi ni waliokufa kwa njaa baada ya askari wa Kijerumani kuchoma mashamba na maghala. Hao ndio wengi, na karibu wote hawana kaburi linalojulikana. Waombewe kwa jina la ukoo au la kijiji, baada ya wazee kuulizwa mapema.

Dua zisichanganywe kuwa moja. Sheikh asome Fatiha na dua kwa utaratibu wake, kisha padri au mchungaji aombe kwa wake, huku ikikumbukwa kwamba Wakatoliki huwaombea marehemu, ilhali Waprotestanti wengi humshukuru Mungu kwa ajili yao na kuwaombea walio hai. Mnara wa kumbukumbu usijengwe juu ya makaburi: Mtume aliruhusu kuyazuru, lakini alikataza kuyajengea. Ukisimama kando hautamkwaza Mwislamu, na Mkristo atakumbuka mawe kumi na mawili ya Yoshua, yaliyowekwa ili watoto waulize maana yake. Wazee wenye tambiko wapewe muda wao kabla ya hadhara, na asilazimishwe mtu kuhudhuria.

Msemaji anayeyadhihaki maji ya Kinjeketile, mganga aliyewapa wapiganaji maji ya kuwakinga na risasi, asipewe kipaza sauti. Anaweza kuyapinga kwa hoja za imani yake, lakini ajue kwamba wajukuu wa walioyanywa wameketi mbele yake.

Majina yaliyokusanywa yaandikwe katika nakala tatu, kwa msikiti, kanisa na ofisi ya kijiji. Yakibaki kwa mwenyekiti wa kamati peke yake, atahama nayo.