Somo: Kutafuta vidokezo na kinaya katika hadithi fupi yenye giza

Mfano wetu ni A Good Man Is Hard to Find ya mwandishi Mmarekani Flannery O'Connor, iliyotoka mwaka 1953. Familia ya watu sita inasafiri kwa gari kutoka Georgia kwenda Florida, na wote wanauawa njiani na mfungwa aliyetoroka pamoja na wenzake. Mwisho nimeutoboa makusudi, maana kazi yetu inaanzia hapo. Kidokezo ni alama inayoashiria mapema tukio la baadaye; kinaya ni pale jambo linapokwenda kinyume na mtu anavyotarajia.

Hatua ya 1. Isome yote bila kalamu mkononi.

Hatua ya 2. Rudi mwanzo, upigie mstari kila linalokushtua sasa. Bibi amevaa gauni la buluu na kofia yenye maua ili ajali ikitokea, atakayeikuta maiti yake barabarani ajue alikuwa mwanamke wa heshima. Mara ya kwanza unacheka, ni majivuno ya kizee tu. Mara ya pili kicheko hakitoki. Baadaye wanapita shamba la pamba lenye makaburi matano au sita katikati. Hesabu waliomo garini, kichanga akiwemo. Gari la wauaji nalo linafanana na la kubebea maiti. Hilo liko wazi mno, litaje upite.

Hatua ya 3. Kwa kila alama jiulize: nani anajua, nani hajui? Bibi ndiye aliyesoma gazetini habari za mfungwa huyo, akamtisha mwanawe ili wasiende Florida. Bibi huyohuyo anawachochea wajukuu kwa uongo wa vyombo vya fedha vilivyofichwa katika nyumba ya zamani, mpaka gari likaingia barabara ya vumbi. Paka aliyemficha ndiye anayesababisha ajali. Na muuaji anapofika, bibi anapaza sauti kwamba amemtambua! Mwenyewe anamjibu kwamba ingekuwa heri kwao wote kama asingemtambua. Aliyepiga mbiu ya hatari ndiye anayeifikisha familia kwenye hatari yenyewe.

Hatua ya 4. Andika aya. Usiishie kwenye "hiki ni kidokezo", sema kinafanya nini: "Vazi la bibi linadokeza kifo, na lina kinaya kwa kuwa yeye anawaza atakavyoonekana, hawazi kwamba atakufa kweli."

Maswali

Mwalimu, kidokezo na kinaya si kitu kimoja?
Hapana. Makaburi yanadokeza tu, hayapingani na tarajio la yeyote. Vazi lina yote mawili.

Na kejeli je? Mimi huzichanganya.
Kejeli ina mtu anayekusudia kudhihaki. Mjukuu June Star anapomsema bibi kwamba hawezi kubaki nyumbani kwa kuogopa kupitwa na jambo, hiyo ni kejeli. Ukijua kinachomsubiri safarini, maneno hayohayo yanabeba kinaya ambacho mtoto mwenyewe hakijui.

Samahani mwalimu, tuna hakika mwandishi alikusudia yote haya?
Huhitaji kuingia kichwani mwake. Onyesha kwamba alama ipo kwenye matini na inaungana na tukio la baadaye. Ukishindwa kutaja tukio hilo, ifute.