Kabla hujakubali sindano ya goti, hesabu siku za mbio

Goti limevimba na mbio ziko karibu, daktari akitaja tu sindano ya kupunguza uvimbe mwambie hapo hapo wewe ni mwanariadha na unapimwa dawa zilizokatazwa michezoni, usingoje mpaka dawa iwe ndani ya bomba. Uliza jina la dawa yenyewe maana la biashara halikusaidii. Kenalog kwa mfano, soma yale maandishi madogo chini utaona triamcinolone acetonide, na hiyo ndiyo imewaangusha wakimbiaji wengi wa Kenya. Diana Kipyokei alishinda Boston Marathon 2021, dawa hiyo ikakutwa mwilini, akanyang'anywa ushindi na kufungiwa miaka 6, maana mbali na dawa ilionekana pia alitoa maelezo ya uongo kwenye uchunguzi.

Sasa sheria ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, iko hivi: hizi steroidi za kupunguza uvimbe (triamcinolone, prednisoloni, deksamethasoni na wenzake) zimekatazwa wakati wa mashindano tu, lakini mashindano yanaanza kuhesabiwa saa 5:59 usiku wa kuamkia mbio, na tangu tarehe 1 Januari 2022 sindano zote zimo, hata ya ndani ya goti ambayo zamani ilikuwa ruksa.

Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma kutoka mashindano yanapoanza, dozi ya mwisho iwe imepita siku hizi. Vidonge vingi siku 3. Sindano ya kwenye kiungo nyingi siku 3 pia, ila triamcinolone na prednisoloni ni 10. Kwenye msuli, yaani ile ya makalio, deksamethasoni 5, prednisoloni 10, halafu triamcinolone siku 60! Miezi miwili jamani, mbio zikiwa tarehe 6 Desemba basi hata sindano ya katikati ya Oktoba inakukamata.

Krimu ya ngozi, ya kupuliza puani, inhela ya pumu na matone ya macho zenye steroidi hizi hazina shida ukifuata dozi.

Na kama ugonjwa hausubiri, tibiwa, afya kwanza, lakini omba kibali cha matibabu mapema, ADAK (wakala wa Kenya wa kupambana na dawa hizo) kama unakimbia ngazi ya taifa au World Athletics (shirikisho la riadha la dunia) kama ni kimataifa. Chukua karatasi kliniki siku hiyo hiyo yenye jina la dawa, dozi, tarehe na mahali ulipodungwa, piga picha umtumie kochi, na siku ukiitwa kupimwa andika dawa hiyo kwenye fomu hata kama unaona imeshapita muda mrefu.